Mfumo ulipimwa, nani alikuwa anaangalia?

Ripoti ninayoichukia kuliko zote ni ile iliyochapishwa kwa rangi, ikafungwa vizuri, na kwenye jalada ikaandikwa "Jaribio la Mzigo: Mfumo Umefaulu". Hutaikuta mezani kwa fundi anayelinda seva usiku. Iko kabatini kwa mkurugenzi, na siku wananchi watakapoukimbilia mfumo wote kwa pamoja, hakuna atakayekumbuka kuifungua.

Mimi kazi yangu ni kuigiza foleni. Kabla mfumo haujafunguliwa, naandika programu inayojifanya watu elfu moja, elfu tano, wakati mwingine elfu ishirini: huyu anaomba namba ya malipo, huyu anapakia cheti, yule amebonyeza "tuma" mara nne kwa hasira. Watumiaji hao bandia wanauliza, seva inajibu, na kila jibu linapimwa: limechukua muda gani, limefika au limeshindikana. Tunafanya hivyo kwa sababu siku za msongamano zinajulikana. Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, nusu ya nchi inafungua ukurasa mmoja. Kenya kila mwaka wanaijua Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato.

Hoja yangu ni moja. Vipimo vya jaribio la mzigo vitumwe papo hapo, jaribio likiwa linaendelea, kwenye jukwaa lile lile ambalo mwenye mfumo analitumia kila siku kuangalia afya ya seva zake. Visibaki kwenye kompyuta ya mpimaji, wala visisubiri kuandikiwa ripoti. Na taasisi inayonunua mfumo kwa fedha za umma iweke sharti hilo kwenye mkataba.

Sababu ya kwanza ni kwamba mpimaji anauona mfumo kwa nje tu. Najua jibu limechelewa. Sijui limekwama wapi. Anayejua ni fundi wa ndani, mwenye grafu za kichakato, kumbukumbu na kanzidata. Yeye naye haoni kwamba kuna watu wanasubiri. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Kuna taasisi iliwahi kuniita nipime mfumo wake wa maombi. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, kisha muda wa kujibu ukaanza kupanda hadi sekunde kumi na tano. Kikaoni, mkandarasi hakusita: "Seva ni ndogo, inunuliwe kubwa." Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kuuliza bei. Fundi wa zamu, kijana mpole aliyekuwa amekaa pembeni, akaniambia, "Dada, hebu tuweke grafu zako na zangu kwenye skrini moja."

Tukarudia jaribio, safari hii vipimo vyangu vikimiminika moja kwa moja kwenye dashibodi yao. Mstari wa muda wa kujibu ulipanda kama kawaida, lakini kichakato hakikufika hata asilimia ishirini. Kanzidata ilikuwa karibu imelala. Mstari mmoja tu ndio ulionyooka kama rula: idadi ya miunganisho kati ya programu na kanzidata, kumi, haipandi wala haishuki. Kumi ndiyo idadi ambayo programu ya kusimamia miunganisho hiyo huja nayo tangu mwanzo, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kila ombi likishika muunganisho kwa nusu sekunde, miunganisho kumi inahudumia maombi ishirini kwa sekunde. Aliye nafasi ya mia tatu atangoja sekunde kumi na tano, hata ukinunua seva kubwa kama jengo la Benki Kuu. Dawa ilikuwa kurekebisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, kwa kuangalia kwanza kanzidata yenyewe inaweza kubeba kiasi gani.

Mtu atasema: si mngebadilishana ripoti baadaye? Hapo ndipo saa zinapotugombanisha. Kompyuta yangu imeandika 10:00. Seva, kwa kuwa inafuata saa ya dunia, imeandika 07:00. Mkurugenzi anakumbuka mfumo ulikwama saa nne asubuhi. Wote watatu wanasema kweli. Ukianza kuoanisha makaratasi hayo kwa mkono, kosa la dakika mbili linatosha kumbebesha lawama asiyehusika. Kwenye jukwaa, kila kipimo kinafika na muda wake, na vyote vinapangwa kwenye mstari mmoja, ilimradi saa za mashine zenyewe zimelinganishwa.

Sababu ya pili ni kwamba karatasi inapenda wastani, na wastani unajua kudanganya. Chukua maombi 100. Tisini na tano yamejibiwa kwa sekunde 0.2, matano yamechukua sekunde 20 kila moja. Wastani ni sekunde 1.19, na ripoti itasema mfumo una kasi nzuri. Lakini wale watano wameshakata tamaa, na pengine mmoja wao amelipa mara mbili. Dashibodi iliyopangwa vizuri inaonyesha muda ambao ndani yake watu 99 kati ya 100 wamejibiwa, na hapo zile sekunde 20 hazina pa kujificha. Fundi aangalie tu asije akachukua namba hiyo kutoka kwenye mashine tatu akazitafutia wastani; matokeo yake hayana maana. Vitumwe vipimo vyenyewe na mgawanyo wake, hesabu ifanywe na jukwaa.

Wanaodhani haya ni matatizo ya nchi maskini waikumbuke Marekani. Oktoba 1, 2013 serikali ya Obama ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya. Nyaraka zilizotolewa baadaye bungeni zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofanikiwa kujisajili hadi mwisho ni watu sita. Mfumo ulikuwa umepimwa, ila kwa kuchelewa sana: makandarasi waliliambia Bunge kwamba jaribio la mfumo mzima, mwanzo hadi mwisho, lilifanyika wiki mbili za mwisho. Magazeti yaliripoti kwamba siku chache kabla ya uzinduzi, jaribio la watumiaji mia chache tu liliukwamisha. Na bado ukafunguliwa. Mikey Dickerson, mhandisi wa Google, na wenzake walipoitwa kuokoa jahazi, moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kutengeneza dashibodi, kwa sababu hapakuwa na mahali pamoja ambapo watu wote wangeona mfumo unaendeleaje. Fedha zilikuwepo na wataalamu walikuwepo. Onyo lenyewe lilikuwepo, ila halikuwekwa mbele ya macho ya wote.

Najua pingamizi la gharama linakuja, na kwa kiasi kikubwa halina msingi. JMeter, kifaa cha kupimia mzigo ambacho wengi wetu tulijifunzia, kipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ni cha bure, na kina sehemu maalumu ya kutuma matokeo nje jaribio likiendelea. k6, kilichoanzia Sweden, kinahitaji kuongezewa maneno machache tu kwenye amri ya kukiendesha. Upande wa kupokea kuna Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 ndani ya kampuni ya SoundCloud, na Grafana ya kuchorea grafu, iliyotoka mwaka 2014. Zote mbili unaweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni. Wanaotaka kulipia huduma za kampuni kubwa walipie, lakini wasituambie hakuna njia nyingine.

Pingamizi lenye uzito ni la usiri. Vifaa hivi mara nyingi huandika anwani nzima ya ukurasa ulioombwa, na mifumo yetu ina tabia mbaya ya kuweka namba ya simu au ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ndani ya anwani hiyo. Ukivituma vipimo hivyo bila kuvichuja, unasafirisha taarifa za watu, na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuandikwa kwa mapambo. Isitoshe, kila anwani mpya inakuwa mstari mpya kwenye jukwaa, hadi hifadhi ijae. Suluhisho ni kuvipa vipimo majina ya hatua: "ingia", "pakia cheti", "lipa". Na data ya kupimia iwe ya kubuni tangu mwanzo.

Pingamizi la tatu halisemwi kikaoni, utalisikia koridoni. Mkandarasi hataki mteja aone mfumo wake ukipepesuka waziwazi, na meneja aliyemchagua mkandarasi hataki bosi wake aone. Wahenga walishamaliza habari za mficha maradhi, sina la kuongeza. Ninachowaambia wateja wangu ni hiki: jaribio la mzigo ambalo halijafikia kiwango cha mfumo kushindwa halijakuonyesha mwisho wa uwezo wake uko wapi. Kuanguka mbele ya mafundi watano, siku mliyopanga wenyewe, ni sehemu ya kazi niliyoitiwa.

Zabuni za umma nchini Tanzania sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na hati zake zinaandikwa na watu wanaojua kudai vielelezo. Basi wadai na hivi. Kila jaribio la mzigo litume vipimo vyake kwenye jukwaa la mnunuzi wakati linaendelea, chini ya akaunti inayomilikiwa na mnunuzi. Kila jaribio liwe na alama yake, ili foleni ya bandia isihesabiwe kama wananchi halisi, na fundi wa zamu asiamshwe usiku akidhani wamevamiwa. Vipimo vihifadhiwe kwa angalau miezi kumi na tatu, msimu huu uweze kulinganishwa na uliopita. Na malipo ya mwisho yasitoke mpaka fundi wa mnunuzi, kwa macho yake, ameona mfumo unaelemewa kwa watumiaji wangapi na ni sehemu gani inayotangulia kukwama. Aya moja inatosha kuyaandika yote hayo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na anayeandaa hati za zabuni za mwaka ujao bado ana nafasi ya kuiingiza.