Skrini Nyeusi Si Skrini Mbovu

Karani ametoka kunywa chai. Akirudi, skrini ni nyeusi. Anatikisa mausi, kimya. Anakandamiza swichi ya kompyuta mpaka mashine inazima, anawasha upya, na kazi inaendelea. Kesho yake mambo ni yaleyale. Mwishowe fundi anaandika kwenye fomu ya maombi: skrini imekufa, inunuliwe nyingine. Tunapinga. Skrini iliyokufa haifufuki kila mashine inapowashwa upya.

Katika kompyuta ya mezani kuna usingizi wa aina mbili. Tangu shirika la VESA liweke utaratibu wake mwaka 1993, kompyuta inaweza kukata mawimbi ya picha na skrini ikalala peke yake, huku kazi zikiendelea ndani. Usingizi wa pili ni wa kompyuta nzima: prosesa inasimama, feni zinanyamaza, na kazi uliyoiacha wazi inashikiliwa kwenye RAM. Anayezima kwa nguvu bila kujua ni nani aliyelala anaweza kupoteza barua aliyoiandika asubuhi nzima bila sababu yoyote.

Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Bonyeza Caps Lock, tazama taa yake kwenye kibodi. Ikiwaka na kuzimika, kompyuta iko macho. Basi mtafute mchawi kwenye skrini, waya au dreva ya kadi ya picha. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Dreva ya picha itaanza upya bila kufunga kazi zako. Picha ikirudi, tafuta dreva mpya kwa mtengenezaji wa kadi. Isiporudi, chomoa umeme wa skrini yenyewe, subiri kidogo, chomeka. Kagua pia skrini inasoma tundu gani: yenye HDMI na VGA huweza kuamka ikisubiri picha kwenye tundu lisilo na waya. Zinazotumia DisplayPort zina kasoro yake, kwani baadhi zikilala kompyuta huona kama zimechomolewa. Jaribu waya mwingine, au zima usingizi mzito kwenye menyu ya skrini.

Taa ya Caps Lock isipojibu, kompyuta yenyewe ndiyo imeshindwa kuamka. Hapo angalia toleo la BIOS na dreva za ubao mama, kisha RAM na pawa saplai. Skrini mpya haitasaidia kitu.

Kuna na skrini inayokataa kulala. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /requests, nayo Windows itakutajia programu inayoizuia, mara nyingi video iliyoachwa ikicheza. Kama orodha ni tupu, inua mausi na uigeuze chali: mausi iliyowekwa juu ya kioo au meza inayotikisika huamsha mashine bila kuguswa na mtu.

Dawa tunayoikataa kabisa ni ile ya kuweka mipangilio ya usingizi kwenye "Never" na kuondoka. Ni rahisi, na ndiyo maana mafundi wengi wanaipenda. Lakini skrini ya kawaida ya ofisini ikiwaka hula wati 20 au 30, na ikilala mara nyingi haifiki hata wati 1. Zidisha kwa skrini zote za jengo, usiku kucha na mwisho wa wiki. Fedha hiyo inatoka kwenye bajeti ileile inayosemekana haitoshi kununua wino wa printa.

Wakuu wa ofisi, kabla hamjasaini ombi la skrini mpya, mwambieni fundi abonyeze Caps Lock mbele yenu.