WATOTO WETU NA KAZI WATAKAZOCHAGUA



Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10. Kwanza walitakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, ufundi na hesabu, elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Kijana wa miaka 14 au 15 anaulizwa jambo ambalo wengi wetu hatukuulizwa kamwe, yaani, wataka kazi gani?

Jibu hulipata wapi? Walimu wana sehemu yao, na marafiki pia. Lakini sauti ya kwanza ni ya nyumbani. Wengi wetu tukirudi kazini tumechoka husema, "Soma kwa bidii, usije ukawa kama mimi." Twasema kwa mapenzi, lakini mtoto husikia kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya aliyeshindwa kusoma. Siku akishauriwa kwenda chuo cha ufundi, Kitale au Sang'alo, huona kama ametupwa.

Tena mtoto ana macho. Watoto wa Webuye waliona kiwanda cha karatasi kikifungwa mwaka 2009, na wazee wao wakarudi nyumbani. Katika mashamba ya mahindi ya Kitale mtoto humwona mama yake akipalilia kwa malipo ya siku. Tusimlaumu akiikimbia kazi ambayo ameiona upande wa taabu tu.

Si makosa mtoto kutaka udaktari au uwakili. Makosa ni kumchagulia kwa sababu ya kuwaonea haya majirani. Na binti akisema ataka kuwa fundi wa stima au makanika wa trekta, asichekwe.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wafanye mambo mawili. Kwanza, waelezeni watoto kazi yenu yote: ujuzi wake, mshahara wake na hatari zake. Viongozi wa matawi ya Kitale na Bungoma wawaombe walimu wakuu nafasi ya kuzungumza na wanafunzi kabla hawajachagua.

Pili, tusilegee katika kudai mshahara wa haki. Maneno matupu hayatampendeza kijana. Ataiheshimu kazi ya baba na mama yake akiona kwamba inalisha nyumba na kulipa karo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umoja ni nguvu.