Bunduki ya kuwinda: bei ya fundi si gharama yote

KASHEBERE – Anayetaka kutengenezewa bunduki ya kuwinda, ile ya kalibre 12, kwa kawaida anahesabu vitu vitatu: bomba la chuma, mti wa kitako na malipo ya fundi. Hesabu hiyo ni fupi mno. Hapa kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, gharama kubwa inakuja baada ya fundi kulipwa, na mara nyingi wanaoilipa ni mke na watoto.

Gharama ya kwanza ni mwili wa mwindaji. Kule Liège, Ubelgiji, tangu mwaka 1672 kuna nyumba ya kujaribia mitutu: kila mtutu unapigwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla bunduki haijauzwa. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Likipasuka, linapasuka karibu na mkono na jicho la mwenye kulishika. Jicho halina bei sokoni.

Ya pili ni karatasi. Sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali cha kumiliki silaha, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda. Bunduki iliyotoka kwa fundi wa kijiji haina hata namba. Mwenye nayo atajitetea na nini?

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: vita. Kwenye kizuizi, nani atauliza kama bunduki ni ya kuwindia nyani au ya kupigania? Wenye silaha wa upande mmoja wanaweza kuichukua, na wa upande mwingine kumhesabu mwenyewe kuwa mpiganaji. Siku ya kukimbia, baba ataitupa porini au ataibeba katikati ya watoto wake. Njia zote mbili ni hasara.

Halafu kuna kartushi. Kila moja inanunuliwa, na ikikosa mnyama pesa imepotea. Wanyama wakubwa wa misitu ya Walikale, kama tembo, gorila na okapi, wanalindwa na sheria; kuwaua ni kutafuta gereza. Wanaobaki ni kima na swala wadogo, na nyama yao hailingani na gharama hizi zote.

Ni kweli, njaa ipo, na nyani na nguruwe wa pori wanamaliza mashamba. Mwenye familia hawezi kuambiwa akae tu. Lakini wazee wa Kinyanga waliwinda kwa nyavu na mbwa waliovalishwa kengele, watu wengi pamoja, na kelele hizo zinafaa pia kufukuza wanyama shambani. Kulinda shamba kwa zamu hakumfanyi mtu ashukiwe kama bunduki inavyofanya. Pesa ya bomba inaweza kununua jembe na mbegu za maharagwe, ambayo kwa miezi karibu mitatu yanafika kwenye sufuria, pale usalama unaporuhusu kulima.

Machifu na viongozi wa waliohama waliseme jambo hili waziwazi kwenye mikutano, kabla kijana hajapeleka akiba ya familia kwa fundi. Jembe linapita kila kizuizi. Bunduki haipiti, na mara nyingine mwenyewe pia hapiti.