Wapeni nauli kabla ya safari

Mwanafunzi ambaye muhtasari wa utafiti wake umekubaliwa kwenye mkutano wa sayansi ya sayari apewe nauli, ada ya usajili na hela ya malazi kabla hajaondoka. Asisubiri mpaka arudi. Kila kikao cha kuendeleza sayansi ya anga katika Afrika Mashariki hulizunguka jambo hili bila kuligusa, na tumechoka kusubiri.

Utaratibu wa sasa katika vyuo vingi unajulikana. Kijana anajaza fomu. Anasaini msimamizi wake, anasaini mkuu wa idara, anasaini mkuu wa kitivo, kisha faili linakwenda kwa mhasibu na kurudi na jibu: jigharamie, tunza risiti, utarejeshewa. Ni kama kumtuma mtoto dukani mikono mitupu, ukimwambia akirudi na unga ndipo utampa hela. Tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi Texas hupita dola 1,000 bila shida, na huyu ni mtu anayeishi kwa posho inayochelewa. Ama akope, ama aache. Wengi wanaacha, na jina linabaki kwenye ratiba ya mkutano bila mwenyewe.

Hasara haiishii kwenye tiketi. Anayeomba viza ya Schengen hutakiwa aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu. Septemba 2025 wanasayansi wa sayari wa Ulaya na Marekani walifanya mkutano wa pamoja Helsinki. Kwa safari kama hiyo, barua ya chuo yenye ahadi ya kurejesha gharama haimsaidii sana mtu ambaye akaunti yake imekauka. Hela ikiingia mapema, inakata tiketi na pia inampa cha kuonyesha ubalozini. Kwa Marekani muda wenyewe ni finyu. Mkutano mkubwa wa kila mwaka wa sayansi ya Mwezi na sayari, unaofanyika The Woodlands karibu na Houston, hufunga mlango wa mihtasari mapema Januari na kuanza katikati ya Machi. Ni kama miezi miwili tu, na ndani yake kuna majibu, miadi ya viza na tiketi. Faili likilala wiki tatu kwenye meza ya bosi aliyeko semina, safari imekufa.

Kuna wanaouliza kwa nini tuhangaike na mikutano. Kwa sababu huko ndiko nafasi zinakogawiwa. Mkutano huo wa Texas ulianza mwaka 1970, wanasayansi walipokusanyika Houston kueleza walichokikuta kwenye mawe ya Apollo 11, na tangu hapo watu wa fani hii hukutana huko kila mwaka. Jioni watafiti husimama kando ya mabango yao. Profesa anayetafuta mwanafunzi wa uzamivu anapita, anauliza maswali mawili matatu, anaacha anwani yake. Mwenye maabara ya kupima isotopu anamwambia kijana alete sampuli zake. Siku hizi unaweza kufuatilia kwa mtandao, na ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini kwenye skrini hakuna anayekuvuta pembeni kukuuliza unamaliza lini masomo.

Atakayeona haya ni maneno matupu aangalie Julai 2011. Tarehe 16 vimondo vilianguka Thika, Kenya. Siku mbili baadaye, tarehe 18, jiwe la kutoka Mirihi lilianguka Tissint, kusini mwa Moroko. Kote kuwili wachuuzi wa vimondo walifika na fedha mkononi na mawe yakavuka mipaka, kwa hiyo tusijidanganye kwamba Moroko waliweza kuyazuia. Walichokuwa nacho ni mtu. Hasnaa Chennaoui Aoudjehane, profesa wa Chuo Kikuu cha Hassan II cha Casablanca, alikuwa tayari anajuana na wenye maabara za nje. Makala kuhusu Tissint ilipotoka katika jarida la Science mwaka 2012, jina lake ndilo lililotangulia. Mwaka 2014 jumuiya ya kimataifa ya wanasayansi wa vimondo ikafanya mkutano wake wa mwaka Casablanca. Kimondo cha Thika hakikutuletea mkutano wala maabara.

Na si kwamba hatuna cha kusoma. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, kinakadiriwa kuwa na tani 16, na kila mtoto wa shule Tanzania amekisikia. Kuna kingine cha mkoa huohuo ambacho hakitajwi sana ingawa kwa sayansi kina uzito zaidi. Desemba 1938 jiwe jeusi lilianguka Ivuna. Yaliyookotwa hayakufika hata kilo moja, ni gramu 705 hivi. Ni jiwe laini, limejaa madini ya udongo yaliyoloana zamani sana, na ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana mno na wa Jua. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo likaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Chombo cha Japani cha Hayabusa2 kilipoleta gramu 5 na ushee kutoka asteroidi ya Ryugu mwezi Desemba 2020, waliozichunguza walikuta zinafanana na kundi hilohilo. Yaani mtu akitaka kueleza Ryugu imeumbwa na nini, analitaja jina la kijiji cha Songwe. Kipande kikubwa cha jiwe hilo kiko Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London, yaliyokipata mwaka 2008. Kijana wa Songwe anayetaka kukiweka chini ya hadubini anahitaji nauli.

Tutaambiwa hela hakuna. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti. Umoja wa Afrika umekuwa ukizitaka nchi wanachama zifikie asilimia 1. Hatuombi hata robo ya hizo. Tukadirie dola 3,000 kwa kila mwanafunzi, wanafunzi kumi kwa nchi kwa mwaka: ni dola 30,000, fedha isiyonunua Land Cruiser moja mpya ya ofisi. Wala si lazima kila safari iwe ya Texas. Agosti 2024 Umoja wa Kimataifa wa Unajimu, ulioanzishwa mwaka 1919, ulifanya mkutano wake mkuu Cape Town, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika. Mkutano ukiwa karibu hivyo, bajeti ileile inapeleka watu wengi zaidi.

Wengine husema tusubiri wafadhili. Mradi wa Europlanet uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ambao uliwalipia watafiti kwenda maeneo kama majangwa ya chumvi ya Makgadikgadi, Botswana, ulimalizika 2024. Mwaka uliofuata Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya sayansi ya NASA ikatwe karibu nusu. Wafadhili wenyewe wanahesabu senti.

Kisingizio kinachotuudhi kuliko vyote ni kwamba kanuni za fedha haziruhusu. Zinaruhusu. Kuna kitu kinaitwa masurufu, na kila ofisi ya umma inakijua. Afisa anayekwenda warsha Morogoro au Naivasha hachukui mkopo ili ahudhurie. Hupewa fedha, husafiri, hurudi na risiti, hufanya marejesho. Mwanafunzi aliyekubaliwa na jopo la wanasayansi wa dunia anashindwaje kuaminiwa kiasi hicho? Akihofiwa kukimbia na hela, chuo kikate tiketi chenyewe na kulipa ada ya usajili moja kwa moja. Kinachobaki mkononi mwake ni hela ya chakula na basi.

Kuhusu wale wanaosema vijana wataenda wasirudi: wasiporudi, mara nyingi ni kwa sababu nyumbani hakuna ajira ya kudumu ya mtaalamu wa vimondo au wa sayari. Tangazeni nafasi hizo, hata moja moja. Kumnyima nauli hakumfanyi abaki. Kunamfanya ahamie benki.

Kwa mkutano wa Machi, kazi inaanza Oktoba. Kila chuo chenye idara ya jiolojia au fizikia kitenge kifungu cha safari za wanafunzi mwezi huo, kamati ipitie rasimu za mihtasari Novemba, na majina yafike kwa mhasibu kabla ya likizo ya Krismasi. Hela itoke ndani ya siku saba tangu barua ya kukubaliwa ifike, na kwenye fomu iandikwe jina la afisa atakayejibu siku ya nane.