Watoto wanaomeza dawa za kifafa wasichapwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotusumbua sisi walimu wa shule za msingi katika bonde la Kilombero. Wapo watoto wanaopewa dawa za kutuliza na badala ya kutulia hucharuka. Watoto hao huonewa shuleni na nyumbani kwa kosa lisilo lao.

Huku kwetu kifafa si ugonjwa wa kusimuliwa. Nimefundisha shule tatu na zote zilikuwa na mtoto mwenye kifafa. Ukivuka mto kwenda Mahenge, tatizo ni kubwa zaidi. Huko ndiko Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanzisha kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960, wakati wagonjwa walipokuwa wakitengwa hata katika kula kwa hofu kwamba mate yao yanaambukiza. Dawa aliyowapa ilikuwa fenobabitoni, na mpaka leo ndiyo tegemeo katika zahanati nyingi za vijijini. Bei yake ni ndogo, humezwa mara moja kwa siku, na imezuia kifafa tangu mwaka 1912. Kwa hiyo siandiki kuipinga dawa hii.

Ila wananchi wengi hawaambiwi kwamba fenobabitoni ni dawa ya usingizi. Mtu mzima akiimeza husinzia. Mtoto naye anaweza kusinzia, lakini wako wanaogeuka kabisa: hawakai kwenye dawati, hupiga wenzao, hulia bila sababu na usiku hawalali. Madaktari wanaeleza kwamba ubongo una sehemu zinazochochea na sehemu zinazozuia. Kwa baadhi ya watoto dawa hulegeza kwanza zile za kuzuia, mtoto akabaki kama baiskeli iliyokatika breki kwenye mteremko. Hali kama hiyo huweza kuletwa pia na diazepamu, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Valium na ambayo hutolewa mtoto akipatwa na degedege. Hata Piriton huweza kuileta, na baadhi ya wazazi huwapa watoto wenye mafua ili tu walale.

Shuleni kwetu tulikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyeanguka karibu kila juma. Alipoanzishiwa dawa, kuanguka kulikoma, tukafurahi. Haukupita mwezi akaanza kuchana madaftari, kutoka nje kupitia dirishani na kuwapiga makofi watoto wadogo. Wenzake walisema ana jini. Mwalimu wa zamu alitaka mwalimu mkuu aidhinishe viboko. Bibi yake, ambaye ndiye mlezi, alinifuata chini ya mwembe. Baada ya kumwamkia, akaniambia, "Mwalimu, kifafa kimetoka, wazimu umeingia. Sasa mimi nichague kipi?" Alikuwa amekwisha kuamua kuvitupa vidonge chooni. Kule alikopewa dawa aliambiwa idadi ya vidonge na tarehe ya kurudi, basi.

Nilimsihi asivitupe, bali ampeleke mtoto kwa daktari na maelezo yangu kwenye karatasi: tabia zilianza lini, saa ngapi huzidi, alikuwaje kabla ya dawa. Daktari alimbadilishia dawa kidogo kidogo, ya zamani ikipunguzwa huku kabamazepini ikiongezwa. Ilichukua majuma kadhaa. Mtoto si malaika hata sasa, lakini anakaa na anaandika.

Bibi yule angetupa vidonge, angekuwa amefanya jambo la hatari kuliko viboko. Dawa hii ikikatwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu, mtoto akaanguka mfululizo bila kupata fahamu, na hali hiyo huua. Wagonjwa 164 wa kliniki ya Mahenge walifuatiliwa kwa miaka 30 na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Miongoni mwa yaliyowaua ni kifafa cha mfululizo, kuzama majini na kuungua moto. Sisi tunaoishi kati ya mto, mashamba ya mpunga na mafiga tunajua maana yake.

Wengine hudhani kwamba mtoto akicharuka aongezwe kidonge. Wangejua yaliyotokea Kilifi, Kenya, wasingethubutu. Watoto 340 wenye malaria kali ya ubongo walichunguzwa pale, nusu yao wakapewa sindano moja ya fenobabitoni ili kuzuia degedege. Degedege lilipungua kweli, lakini kwa waliopata dawa walikufa 30, na kwa wasioipata walikufa 14. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopata pia diazepamu mara nyingi. Hayo yalichapishwa mwaka 2000. Kama hospitalini iliweza kuwa hivyo, nyumbani mzazi anakisia nini?

Lazima pia niseme haki ya dawa. Uchunguzi uliofanywa vijijini West Bengal, India, kwa watoto 94 (1998), na mwingine wa Bangladesh kwa watoto 108 (2007), haukuona kwamba fenobabitoni iliharibu tabia za watoto kuliko dawa walizolinganisha nazo. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake anaendelea vizuri asisome barua hii akaanza kuogopa. Namzungumzia yule mtoto mmoja aliyegeuka. Idadi ndogo si sababu ya kumwacha apigwe.

Naomba waganga wa zahanati, pamoja na wingi wa wagonjwa wao, waongeze sentensi moja tu wanapotoa dawa hii: "Mtoto akibadilika tabia, usiache dawa, njoo naye." Waiandike kwenye kadi, maana anayekuja kliniki leo ni mama na kesho ni shangazi. Na mzazi asituhofu walimu. Mtoto anakaa nasi saa nyingi za mchana, na mwalimu asiyeambiwa kwamba mtoto anameza dawa ataona mkorofi tu. Nasi tukiambiwa tutunze siri, kwani wako wenzetu ambao bado humkalisha mwenye kifafa peke yake nyuma ya darasa, jambo la aibu kwa mtu aliyepita chuo cha ualimu.

Lililobaki ni la Wizara ya Afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto mwenye matatizo ya tabia asianzishiwe fenobabitoni pale ambapo dawa nyingine ipo. Neno zito hapo ni "ipo". Kabamazepini mara nyingi hatuikuti kwenye zahanati ya kijiji, na dawa nyingine, valproeti, ina madhara makubwa kwa mimba, kwa hiyo wasichana wanaokua hawafai kupewa ovyo. Bibi wa mwanafunzi wangu huuza mpunga kila mwezi apate nauli ya kwenda Ifakara na kurudi, na masika barabara yetu ikikatika hukaa siku nne au tano akihesabu vidonge vilivyobaki. Je, Wizara haiwezi kuziletea japo zahanati za kata kabamazepini ya kuwatosha watoto waliokwisha kuandikiwa na daktari?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilombero, Morogoro.