Simu ya Faragha Si Simu ya Porini

Kila yanapotajwa mambo ya faragha kwenye simu, hukumu hutoka haraka. Huitoa fundi wa Kariakoo, huitoa ofisa wa benki, huitoa binamu anayejulikana ukoo mzima kwa kujua kompyuta. Ukiondoa mfumo uliokuja na simu yako ukaweka wa faragha, wanasema, sahau WhatsApp, sahau benki, sahau ramani, sahau kuita bodaboda. Utabaki na tochi na kikokotoo. Basi faragha waachiwe waandishi wanaowindwa na wenye la kuficha; sisi wengine tuna maisha ya kuendesha.

Miaka kumi iliyopita hukumu hiyo ilikuwa na ukweli mwingi. Leo inarudiwa kwa mazoea: wengi wanaoitoa hawajawahi kujaribu, na wanaonufaika nayo hawana haja ya kuikanusha.

Tuchukue mfumo unaotajwa zaidi, GrapheneOS, tuupime kwa mahitaji ya mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Ni Android ileile, iliyojengwa juu ya msimbo ambao Google yenyewe huuweka wazi, kisha ikakazwa kiusalama. Kazi hiyo ilianza mwaka 2014 chini ya Daniel Micay wa Kanada, wakati huo kwa jina jingine, na sasa inasimamiwa na taasisi isiyo ya kibiashara iliyosajiliwa hukohuko Kanada. Hutozwi hata senti kwa mfumo huu. Unawekwa kwenye simu za Google Pixel, na jambo hilo huwachekesha watu: unamkimbia Google kwa kununua simu ya Google? Ndiyo, na sababu ni ya kiufundi. Pixel humruhusu mwenye simu kuweka mfumo mwingine kisha kulifunga tena kufuli la simu kwa funguo za mfumo huo mpya, na kila inapowashwa chipu hukagua kama kuna aliyeuchezea. Kuanzia Pixel 8, Google imeahidi masasisho ya miaka saba. Simu nyingi tunazouziwa mitaani haziahidi hata nusu ya hiyo.

Hapa fundi huwa anachanganya mambo mawili. Akisikia umebadilisha mfumo, anadhani umeiruti simu, yaani umevunja kufuli ili programu yoyote ipewe mamlaka yote. Kuruti ni kufungua. Kuweka GrapheneOS ni kufunga, tena kwa nguvu kuliko kiwandani.

Sasa twende kwenye programu zenyewe. Kwa miaka mingi tatizo lilikuwa moja: programu za Android zimezoea kuegemea Huduma za Google Play kwa arifa, mahali ulipo na kuingia kwenye akaunti. Bila huduma hizo nyingi hulalamika au hukataa kufunguka. Mwaka 2021 GrapheneOS ikapata njia ya katikati: unaweza kuweka Google Play, lakini inaingia kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee. Katika simu ya kawaida Google ni mwenye nyumba, ana ufunguo wa kila chumba na hapigi hodi. Katika GrapheneOS ni mpangaji wa chumba kimoja. Usipompa ruhusa ya kuona mahali ulipo, haoni. Usipompa majina ya watu wako, hana.

Kwa mpango huo WhatsApp inafanya kazi, na arifa zinafika. Google Maps inafanya kazi. YouTube, Instagram, TikTok, barua pepe za kazini, mikutano ya Zoom, vyote vinafunguka. Anayetaka ramani isiyomfuata anaweka Organic Maps, anapakua nchi nzima mara moja, kisha anatembea bila bando. Na asiseme mtu kuwa ramani hizo hazijui uswahilini kwetu. Zinatumia data za OpenStreetMap, na mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishika njia na wakazi wa kata zinazofurika, umezijaza ramani hizo mitaro na vichochoro vya jiji la Dar es Salaam.

Na pesa? Hapa ndipo hofu hii inapoonekana kuwa imeazimwa kutoka nje. Ulaya na Marekani wanaolalamikia mifumo ya faragha hulalamika kwamba hawawezi kugusisha simu kwenye mashine ya dukani wakalipa kwa Google Wallet. Ni kweli, hilo halifanyi kazi, kwa sababu Google inadai simu iwe na cheti chake. Lakini mama ntilie wa Buguruni hana mashine hiyo. Ana Lipa Namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, iliyobandikwa ukutani. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na ilipofika Tanzania mwaka uliofuata, ilijengwa kwa simu za vitufe. Mpaka leo unabonyeza *150*00#, menyu inakuja, unatuma. Menyu hiyo inatoka kwenye mtandao wa simu na haijali mfumo gani umo ndani ya kifaa. Katika jambo hili la msingi kabisa, Mtanzania na Mkenya wana uhuru ambao Mjerumani hana, na bado tunarudia hofu ya Mjerumani.

Inabaki benki. Hapa nakiri kuna ukweli: programu nyingi za benki hufunguka, lakini zipo zinazokataa. Swali ambalo wenye hukumu hawaliulizi ni kwa nini zinakataa. Jibu la ofisa ni moja: usalama. Tulitazame hilo neno kwa karibu.

Programu inayokataa mara nyingi huwa imeiuliza Google kupitia huduma yake iitwayo Play Integrity kama simu hii ni ya kuaminika. Google hujibu kwa ngazi tatu. GrapheneOS hupata ya chini tu, kwa kuwa ngazi inayofuata inadai mfumo uwe na cheti cha Google. Ngazi hiyo ya kati haiulizi simu ilisasishwa lini. Simu iliyotelekezwa na mtengenezaji wake miaka mingi iliyopita, yenye matundu yanayojulikana dunia nzima, inapita. Simu iliyosasishwa juma hili, yenye kufuli lililofungwa na chipu inayokagua kila uwashaji, inakataliwa. Ni ngazi ya juu pekee ambayo, tangu 2025, inadai masasisho ya ndani ya mwaka mmoja, tena kwa simu za Android 13 na kuendelea, na benki ikiidai hiyo, wateja wenye simu hizo zilizoachwa bila masasisho watafungiwa nje pia.

Basi kinachopimwa hapo ni cheti, na cheti ni mkataba wa kibiashara. Aliyesahau akumbuke Huawei. Mei 2019 Marekani iliiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya wasiouziwa teknolojia yake, na simu mpya za Huawei zikakosa huduma za Google. Sababu haikuwa tundu jipya la usalama lililogunduliwa kwenye simu hizo. Siasa za biashara ziliamua, na watumiaji wa Nairobi na Mwanza wakalipa gharama.

Ajabu ni kwamba benki ina njia nyingine. Android ina uthibitisho wa chipu, ambao programu inaweza kuutumia moja kwa moja kujua ni mfumo gani upo, kama kufuli limefungwa, na kiwango cha masasisho. GrapheneOS imechapisha maelekezo ya namna ya kuutambua mfumo wake kwa njia hiyo. Benki isiyotumia njia hii imechagua urahisi wa msanidi wake, kisha ikauita uchaguzi huo ulinzi wa mteja.

Litazame pia hili kwa jicho la nchi. Benki imepewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Mteja ametambuliwa kwa kitambulisho cha taifa cha NIDA na laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Fedha ni shilingi. Lakini wa mwisho kuamua kama mteja huyo ataona salio lake kwenye simu aliyoinunua ni kampuni ya Mountain View, California. Hakuna Bunge lililoipa kazi hiyo.

Wakati huohuo, simu zenye baraka zote zimetufanyia nini? Mwaka 2021 Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, alipima simu za Android na iPhone zikiwa zimekaa tu bila kuguswa. Kwa wastani zilituma taarifa kwa Google na Apple kila baada ya dakika nne na nusu. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2020, kampuni ya usalama ya Upstream na gazeti la mtandaoni la BuzzFeed News walieleza jinsi simu za Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zilivyokuwa na programu hasidi tangu zikiwa mpya. Zilikuwa zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila ridhaa, zikila salio na bando. Kampuni ya Transsion, mwenye chapa hiyo, ilimtupia lawama mmoja wa wasambazaji wake. Mwenye simu hakuwa amebadilisha mfumo wala kuruti kitu. Aliinunua dukani, akafuata taratibu zote, na vocha yake ikaliwa.

Kisha tuna kausha damu za mtandaoni. Tunajua zinavyofanya kazi: unapakua programu ya mkopo, inadai ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, unachelewa kulipa siku mbili, na mkwe wako, bosi wako na mchungaji wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Faini na matangazo ni vizuri, lakini huja baada ya mtu kuaibishwa.

Ndani ya GrapheneOS, programu ikidai majina yako unaweza kuipa orodha ya uongo iliyo tupu, au majina mawili unayoyachagua mwenyewe, nayo itaamini kuwa ndiyo yote uliyo nayo. Vivyo hivyo kwa picha na mafaili. Unaweza hata kuinyima programu intaneti kabisa. Kikokotoo hakina sababu ya kwenda mtandaoni. Mwambie mama aliyedhalilishwa mbele ya kikundi chake cha vikoba kwamba faragha ni ya wenye la kuficha. Alichokuwa nacho ni namba za simu za ndugu zake.

Dhana hiyo ya "mwenye la kuficha" imefika hata kwa polisi. Julai 2025 iliripotiwa kuwa polisi wa Katalunia, Hispania, wameanza kuihusisha simu ya Pixel yenye mfumo huu na wauza dawa za kulevya. Wahalifu hutumia pia pikipiki na noti za elfu kumi, wala hatujaanza kuwashuku wote wenye pikipiki.

Sitamdanganya msomaji kwamba hakuna gharama. Pixel haiuzwi rasmi kwetu. Nyingi zinaletwa zikiwa zimetumika, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mtandao wa Verizon wa Marekani hazikubali kufunguliwa kufuli, hivyo ukinunua bila kuuliza umenunua simu ya kawaida tu. Bei yake inamwacha nje mwenye simu ya laki mbili, na huo ni upungufu mkubwa wa mradi huu. Mfumo huu pia haukufanyi usionekane: minara ya simu bado inajua uko wapi, na WhatsApp bado inajua unazungumza na nani na saa ngapi. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo iliyo hoja ya hukumu tuliyoanza nayo. Hukumu ilisema programu za kila siku hazitafanya kazi. Zinafanya kazi.

Kwa hiyo mzigo wa maelezo uhamie unakostahili. Anayetaka faragha asidaiwe tena kuthibitisha kuwa ataweza kuishi. Benki inayomkataa ndiyo ieleze, kwa maandishi, ni hatari gani iliyoiona katika simu iliyosasishwa juma hili, hatari ambayo haipo katika simu ya mwaka 2017 inayoikubali kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na Tume yake inafanya kazi. Benki Kuu, ambayo imekwisha onyesha inaweza kuzitaja programu kwa majina, iweke kigezo cha simu salama kinachotegemea masasisho na uthibitisho wa chipu, bila kujali ni kampuni gani imegonga muhuri. Hadi hapo, ofisa akikuambia simu yako si salama, muulize amepima nini. Akitaja cheti badala ya kipimo, basi amekupa jibu la biashara, nawe una haki ya kuihamishia biashara yako kwingine.