Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mwanangu anarudia darasa la nne kwa kukosa kidonge

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUKOSEKANA KWA DAWA YA METHILFENIDATI MKOANI IRINGA

Hali ya hospitali zetu za rufaa unaijua, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitakuchosha na utangulizi. Mwanangu anarudia darasa la nne. Kufundishika anafundishika. Ameshindwa kwa sababu dawa aliyoandikiwa na daktari bingwa ilikosekana hapa Iringa tangu Agosti, na mtihani wa upimaji ulikuwa Oktoba.

Tatizo lake madaktari wanaliita ADHD. Kwetu Kihesa linaitwa utundu, kichwa kigumu, au mama ameshindwa kulea. Bingwa tulimpata Dar es Salaam, baada ya kupanda basi la alfajiri Igumbilo na kuteremka Kitonga mtoto akiwa hatulii kwenye kiti. Hakumtoa damu wala kumpiga picha ya kichwa, kwa kuwa hakuna kipimo cha namna hiyo kinachoonyesha ugonjwa huu. Aliuliza. Dalili zilianza akiwa na umri gani, zipo nyumbani tu au na shuleni, mwalimu anasemaje, na upande wa mama au wa baba kuna nani mwingine wa hivyo. Akatupa fomu ya mzazi na fomu ya mwalimu. Halafu akatufundisha sisi wazazi: agizo moja kwa wakati mmoja, tena fupi; sifa papo hapo anapofanya vizuri; ratiba ibandikwe ukutani; shuleni akae dawati la mbele, mbali na dirisha. Tulipofuata hayo yote na bado masomo yakawa yanamshinda, ndipo akaandika methilfenidati ya miligramu 10, nusu kidonge asubuhi baada ya uji.

Daftari lake la Hisabati ninalo. Kurasa za kabla ya dawa zinafanana zote: swali la kwanza sahihi, la pili sahihi, la tatu limeachwa katikati ya kutoa, na pembeni limechorwa lori la Scania lenye kila tairi na kila taa. Kurasa za Juni na Julai zina tarehe juu, maswali kumi, na vema nyekundu za mwalimu. Mtoto ni yule yule, mwalimu ni yule yule. Kurasa za Septemba malori yamerudi.

Kilichotokea katikati ni hiki. Dawa ilipoisha nilikwenda hospitali moja ya hapa mkoani nikiwa na cheti cha bingwa mkononi. Dirishani nikaambiwa hawana, na hawawezi kuagiza kwa sababu ni dawa ya kudhibitiwa, nijaribu mwezi ujao. Mwezi uliofuata jibu likawa lile lile. Nilipolalamika, nikapelekwa kwa mtabibu ambaye, bila kumuuliza mtoto swali hata moja, aliandika haloperidoli "ili atulie". Akatulia. Alilala juu ya dawati, mate yakimtoka, wenzake wakimcheka. Bingwa aliponiambia kwa simu niisimamishe mara moja, mtihani ulikuwa umekaribia, na mwanangu akaingia kwenye chumba cha mtihani bila dawa yoyote. Msimamizi aliniambia alijibu maswali ya mwanzo haraka, kisha akaangalia nje mpaka muda ukaisha. Anarudia darasa la nne.

Mheshimiwa, naomba unielewe kuhusu neno hilo, "kudhibitiwa". Sipingi udhibiti. Methilfenidati imo kwenye mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971, na kuna watu wanaoitumia vibaya. Lakini methadoni inadhibitiwa kwa ukali zaidi, na Serikali hii hii ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na leo inatolewa hata Mbeya, jirani zetu, mgonjwa akinywa mbele ya muuguzi kila siku. Mofini ya maji inatengenezwa Ocean Road na kupelekwa hospitali za mikoani kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Kwa hiyo njia ya kuifikisha dawa nzito kwa mgonjwa, ikiwa na daftari la kumbukumbu na kabati la kufuli, mnaijua na mnaitumia. Mtoto wa darasa la nne ndiye aliyesahauliwa. Na ipo dawa nyingine ya ugonjwa huu, atomoksetini, ambayo haimo kabisa kwenye orodha za kimataifa za udhibiti. Hiyo nayo nimeambiwa hakuna.

Najua pia wataalamu wako watasema kwamba kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa mwaka 2019, na tena 2021, kuiingiza methilfenidati kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa hoja kwamba ushahidi wa faida na madhara yake, hasa ikitumiwa muda mrefu, haujatosha. Ni hoja ya kweli na siidharau. Lakini shirika hilo hilo, kwenye mwongozo wake wa afya ya akili kwa watoa huduma wasio mabingwa, linaikubali kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, kwa ushauri wa bingwa, pale mafunzo kwa wazazi yanaposhindwa kutosha. Ndivyo ilivyofanyika kwa mwanangu. Marekani waliwafuatilia watoto 579 kwa miezi 14, matokeo yakatoka mwaka 1999: dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Na kusimamia vizuri maana yake ni kupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha, na kuuliza kama mtoto anakula na kulala. Mizani na kipimo cha presha vipo hata kwenye zahanati ya kijiji. Dawa yenyewe iligunduliwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, miaka 17 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Si kitu kigeni cha kuogopwa.

Wapo na watu wazima. Ugonjwa huu hutembea sana katika ukoo, na bingwa alipouliza habari za mjomba wa mtoto nilinyamaza kidogo, maana mdogo wangu aliacha shule kidato cha pili na hajawahi kudumu kwenye kazi. Hakuna aliyewahi kumpima. Uingereza mtu kama yeye anapewa dawa. Hapa anapewa lawama.

Na viboko. Kanuni zinasema visizidi vinne, na achape mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi. Mwanangu amechapwa na yeyote aliyeingia darasani, kwa kosa la kuugua. Hilo nalielekeza kwa mwenzako wa Elimu, lakini mnakaa baraza moja.

Mimi angalau nilipata nauli ya Dar es Salaam. Mzazi wa Makete au Kilolo hana. Afya ya akili katika nchi hii bado inafikiriwa kuwa ni hospitali ya Mirembe na watu wazima waliochanganyikiwa barabarani, na mtoto asiyeweza kukaa kitini anaachiwa mganga, maombi na fimbo. Nyanda za Juu Kusini zinalisha taifa mahindi na viazi. Watoto wake hawastahili huduma inayoanzia na kuishia Dar es Salaam.

Bohari ya Dawa ina kanda yake hapa hapa Iringa. Naomba hospitali ya rufaa ya mkoa ipewe kibali na mgao wa dawa hii, matabibu wafundishwe kuutambua ugonjwa huu na waache kuwalaza watoto kwa haloperidoli, wazazi waanzishiwe mafunzo kwenye kliniki, na gharama ziingie kwenye kitita cha bima. Naomba jibu kwa maandishi, lenye jina la hospitali na mwezi ambao dawa itakuwepo. Upimaji mwingine ni Oktoba, na mwanangu ataufanya tena.

Wako,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne,
Kihesa, Iringa